Waroma wametoka India, sawa, ila Ulaya ni kwao

Lom ni mji mdogo wa bandari kaskazini-magharibi mwa Bulgaria, uko ukingoni mwa mto Danube, ukivuka mto tu umeshaingia Romania. Kama husomei neva wala vinasaba labda hutakaa ulisikie jina lake maishani. Ila kwenye maabara jina la mji huo ni jina la ugonjwa. Miaka ya 1990 mtaalamu wa vinasaba mzaliwa wa Bulgaria, Luba Kalaydjieva, na wenzake walikutana na familia za Waroma, wale wengi tunaowajua kwa jina la jipsi, kutoka Lom ambazo watoto wao wanazaliwa vizuri, wanatembea, wanacheza, halafu ndani ya miaka ya utoto miguu inaanza kulegea, nyayo zinapinda, mikono inafuata, na wakishakuwa watu wazima wengi wao masikio nayo yanaacha kusikia. Walichapisha mwaka 1996 na ugonjwa ukapewa jina la mji. Mwaka 2000 jeni yenyewe ikapatikana, inaitwa NDRG1, iko kwenye kromosomu ya 8 (kromosomu ni vifurushi vinavyobeba vinasaba), herufi moja tu ya DNA imebadilika na protini inakatwa kabla haijamalizika kutengenezwa.

Sasa sikiliza. Ugonjwa huohuo ukaonekana Italia, ukaonekana Slovenia, Hispania, Ujerumani, Ufaransa, Romania. Kila ulipoonekana ni kwa Waroma, na kila ulipoonekana ni herufi ileile iliyobadilika, na kipande cha kromosomu kinachoizunguka nacho ni kilekile. Hizi ni familia ambazo hazijuani kabisa, wengine Waorthodoksi wengine Wakatoliki, wengine wanaongea Kibulgaria wengine Kihispania, hakuna hata salamu moja wanayoweza kupeana wakaelewana, lakini ndani ya mwili wamebeba kitu kimoja walichopewa na mtu mmoja aliyeishi zamani sana. Mi niliposoma hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Niliwaza kumbe hata pale lugha ilipopotea na dini ikabadilika na majina yakabadilika, undugu uliendelea kutembea tu.

Kwetu Bongo neno vinasaba wengi tumelijua kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali, zile kesi za mtoto ni wa nani. Ndio maana tukisikia vinasaba tunawaza moja kwa moja kwamba vitajibu nani ni wa nani na nani siyo. Mimi nimesomea mambo ya maabara, sehemu ya masomo nimeyafanyia Debrecen, mashariki mwa Hungaria, na huko ndiko nilikoanza kuwafuatilia Waroma. Darasani tulikuwa na dada mmoja Mroma tukawa marafiki. Mimi mtu wa Tanga, mgeni kabisa, nikiulizwa "kwenu wapi" naona kawaida, maana kweli nimetoka mbali. Yeye bibi wa bibi yake kazaliwa kijiji hichohicho, Kihungari ndio lugha pekee anayoijua, na bado anaulizwa hilohilo swali, tena likiulizwa kwake lina sumu ambayo mimi sikuwahi kuionja. Mwenye nyumba aliyenipangisha mimi Mwafrika bila maneno mengi ndiye aliyeniambia nishike pochi vizuri nikipita mtaa wanaokaa wale watu. Wale watu ni raia wenzake.

Basi hiyo "mmetoka wapi" ina jibu la kisayansi, jibu zuri mno, na kinachoniuma ni kuona jinsi jibu lenyewe lilivyogeuzwa kuwa silaha tangu siku lilipopatikana. Nataka nilieleze lote, na zuri lake na baya lake.

Kwanza tukubaliane tunaongelea watu wangapi. Makadirio yanayotumika na taasisi za Ulaya ni kati ya milioni 10 na 12, kama milioni 6 kati yao wako ndani ya Umoja wa Ulaya. Yaani ni wengi kuliko raia wa nchi kadhaa zenye kiti kule Brussels, ila wao hawana nchi. Ndani yao kuna makundi mengi, Sinti wa Ujerumani, Kale wa Hispania, Kalderash, Lovari, Romungro wa Hungaria ambao walishahamia Kihungari kitambo, na mengine mengi. Jina jipsi tulilolizoea kwenye sinema lilitokana na Misri, na Misri haihusiki, nitafika huko.

Waliojua kwanza kwamba asili ni India hawakuwa watu wa kupima damu, walikuwa watu wa lugha. Kwenye miaka ya 1770 kule Halle, Ujerumani, Johann Rüdiger alikaa na mwanamke mmoja Mroma anayeitwa Barbara Makelin, akamwomba amtafsirie sentensi, halafu akazilinganisha na kitabu cha sarufi ya Kihindustani, lugha ya India, kilichoandikwa na mmisionari. Zikafanana, na mwaka 1782 akachapisha. Napenda sana kwamba jina la huyo mama limebaki, maana kwa kawaida aliyejua lugha husahauliwa na aliyeuliza ndiye anayekumbukwa. Ukitaka kuona mwenyewe, Kiromani maji ni pani, sikio ni kan, pua ni nakh, jicho ni jakh. Wewe uliyekulia jirani na duka la Mgujarati Mombasa au Dar pani na kan na nak umeshazisikia, hazihitaji mwalimu.

Lakini lugha haikusema tu mwanzo wa safari, ilitunza na vituo vyote. Miaka ya 1870 Franz Miklosich alikaa akayapanga maneno ya kukopa tabaka kwa tabaka. Juu ya msingi wa Kihindi kuna Kiajemi, ndimo lilimo baxt, ambalo ni hili neno letu bahati, sisi limetufikia kwa bahari wao wamelibeba kwa miguu. Halafu kuna Kiarmenia, grast ni farasi, bov ni tanuri. Halafu Kigiriki kingi sana, drom ni njia, foros ni mji, petalo ni chuma cha kwato za farasi. Hata kuhesabu, moja mpaka sita ni za India, ikifika saba, nane, tisa wanasema efta, oxto, enja, Kigiriki kitupu. Sisi tunaosema sita na saba na tisa kwa Kiarabu huku tano na nane tumebaki nazo za Kibantu hatuwezi kushangaa hilo, tunajua watu hawakopi namba kwa kupishana njiani, wanakopa kwa kufanya biashara na kuishi pamoja vizazi na vizazi. Kwa hiyo walikaa muda mrefu sana chini ya dola ya Bizanti iliyotawala kutoka Constantinople, yaani Anatolia (Uturuki ya leo) na Balkani (kusini-mashariki mwa Ulaya), huko ndiko walikokuwa watu wamoja wenye jina moja. Na Kiarabu kilichoingia moja kwa moja karibu hakuna, ndio maana ile hadithi ya kupitia Misri haisimami.

Kuna hadithi nyingine tamu kutoka Uajemi, Firdausi kaiweka kwenye mashairi yake kama mwaka 1010, kwamba mfalme Bahram Gur wa karne ya 5 aliagiza wanamuziki maelfu kutoka India wawaburudishe maskini. Watu wanaipenda na utaikuta kila mahali. Mi naiona ni hadithi ya kifalme, siyo ushahidi, kwa sababu sarufi ya Kiromani imepitia mabadiliko ambayo lugha za kaskazini mwa India ziliyapitia karibu na mwaka 1000, ikiwemo kupoteza ile jinsia ya tatu ya nomino, na maneno yaliyohamishwa yamehamia upande uleule ambao ndugu zake wa India wamehamia. Usingeweza kufanya hivyo ukiwa umeshaondoka miaka 500 kabla.

Kwenye maandishi ndio wanaanza kuonekana kidogokidogo. Andiko la Kijiojia la karne ya 11 linataja watu wanaoitwa Adsincani mjini Constantinople, Istanbul ya leo, kama mwaka 1050, wataalamu wanabishana kama ni wao kweli. Miaka ya 1320 mtawa mmoja Mfransiskani Mwairishi, Symon Semeonis, akielekea Yerusalemu alipita kisiwa cha Krete akaona watu wanaohamahama na mahema karibu na mji wa Candia. Halafu ghafla mwanzoni mwa karne ya 15 Ulaya ya Magharibi yote inawaona. Mwaka 1417 wako miji ya kaskazini mwa Ujerumani wakiwa na barua za ulinzi za mfalme Sigismund, 1422 wako Bologna na kiongozi anayejiita Duke Andrea wa Misri, Januari 1425 mfalme Alfonso wa Aragon anampa hati ya kupita Johannes wa Misri Ndogo, Agosti 1427 wako malangoni mwa Paris. Walisema ni mahujaji, wametubu, wametumwa kutembea miaka saba. Zama zile mhujaji alikuwa anapewa chakula na sehemu ya kulala, na watu waliokuwa wanakimbia vita vya Waosmani (Waturuki) Balkani walijua hilo. Basi jina la Misri likawaganda mpaka leo.

Hapo Paris kuna jambo dogo nalipenda kuliko yote. Mkazi mmoja wa mji ambaye jina lake halijulikani alikuwa anaandika shajara, akaeleza watu wa Paris walivyomiminika La Chapelle, walikokuwa wamewekwa, kuwaangalia na kusomewa viganja, na jinsi uvumi ulivyoenea kwamba ukiongea nao hela zinapotea mfukoni. Halafu akaandika kwamba yeye mwenyewe alienda mara tatu nne, akaongea nao, na hakupoteza hata senti. Hiyo ni 1427! Mwaka wa kwanza tu wa kuonana nao, na ile habari ya pochi tayari iko mdomoni, na shahidi aliyeenda mwenyewe tayari anaikanusha. Askofu yeye aliwatenga na kanisa wale waliokwenda kusomewa viganja, na kundi likaondoka.

Kilichofuata ni karne za amri za kufukuza, nazipita haraka maana zinafanana. Hispania walianza 1499, Uingereza 1530, na karibu kila nchi ina yake. Mbaya zaidi Hispania ilikuwa tarehe 30 Julai 1749, kwa mpango wa waziri wa mfalme Marqués de la Ensenada, nchi nzima kwa siku moja walikamatwa Waroma kati ya 9,000 na 12,000, wanaume upande mmoja wanawake na watoto upande mwingine, ili wasizaane tena. Wengine walikaa vizuizini zaidi ya miaka kumi. Ureno wao waliwapakia melini kuwapeleka makoloni, Brazil na Angola. Kwa hiyo kuna Waroma waliofika mpaka Afrika wakiwa wafungwa, na hiyo hatufundishwi.

Ila mahali ambapo lazima nisimame ni Wallachia na Moldavia, Romania ya leo. Huko hawakufukuzwa. Walimilikiwa. Hati ya mwaka 1385 ya mtawala Dan I inathibitisha zawadi ya familia 40 za Waroma kwa monasteri ya Tismana, wametajwa humo kama mali, na utumwa huo ukaendelea karne baada ya karne, watumwa wa mtawala, watumwa wa makabaila, watumwa wa monasteri, wakiuzwa, wakitolewa mahari, watoto wakitenganishwa na mama zao. Sheria za mwisho za kuwaachia zilitoka Moldavia Desemba 1855 na Wallachia Februari 1856, na walioachiwa kwa jumla yake ni kama 250,000. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, yaani miaka 17 tu baadaye. Niliwauliza wenzangu wengi kule Ulaya ya Mashariki, watu wasomi, kama wanajua habari hizo, utumwa wa watu Weusi Marekani wanaujua vizuri, huu wa kwao wengi hawakuwahi kuusikia. Waliopata uhuru walisambaa dunia nzima, mpaka Marekani, na lahaja zao za Kiromani mpaka leo zimejaa Kiromania.

Sasa turudi kwenye damu. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Ludwik na Hanna Hirszfeld walipima makundi ya damu ya askari kule Salonika, Ugiriki, wakaona kundi B ni jingi kwa Wahindi na dogo kwa watu wa Ulaya Magharibi. Mwaka 1921, Debrecen, mji uleule niliosoma mimi, Verzár na Weszeczky walipima Wahungari, Wajerumani na Waroma wanaoishi jirani kabisa, na Waroma wakatoka na kundi B jingi kama Wahindi. Kwa mara ya kwanza kitu cha mwilini kilikubaliana na kile Rüdiger alichokisikia kwa Barbara Makelin. Kisayansi ni kazi safi. Lakini angalia ilienda wapi.

Hata kabla ya damu, mwaka 1783 tu, mwaka mmoja baada ya Rüdiger, Heinrich Grellmann alichukua hilohilo la India akalijengea kitabu kilichosambaa Ulaya nzima, kinachowaonyesha Waroma kuwa watu wa mashariki wasio na ustaarabu walioingia kimakosa Ulaya. Halafu mwaka 1936 Robert Ritter akapewa na serikali ya Wanazi ofisi Berlin ya utafiti wa usafi wa rangi. Yeye na msaidizi wake Eva Justin, ambaye alijifunza Kiromani ili aaminike, walizunguka kambi na vijiji wakipima vichwa, wakichukua damu, wakichora miti ya ukoo, mpaka wakawa na mafaili karibu 24,000. Hoja ya Ritter ilikuwa hivi: Waroma halisi wametoka India kwa hiyo asili yao ni Waarya, rangi ambayo Wanazi waliitukuza, ila zaidi ya asilimia 90 wamechanganyika, na huo mchanganyiko ndio uozo. Soma tena. Asili ya India haikuwaokoa na kuzaliana na Wazungu hakukuwaokoa, vyote viwili vilitumika kuwahukumu.

Amri ya kuwapeleka kambi ya mauaji ya Auschwitz ilitoka tarehe 16 Desemba 1942. Kama 23,000 walifikishwa kwenye sehemu yao ya Birkenau, kama 21,000 walifia hapo, na wale 4,300 hivi wa mwisho waliuawa kwa gesi usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 1944. Josef Mengele, yule aliyefanyia wafungwa majaribio, alikuwa daktari wa sehemu hiyo. Macho ya familia moja ya Sinti yenye rangi mbili tofauti yalipelekwa Berlin kwa Karin Magnussen, mtafiti wa taasisi iliyoongozwa na Otmar von Verschuer. Kwa Ulaya nzima makadirio ya waliouawa ni kati ya 200,000 na 500,000. Baada ya vita Ritter alipata kazi ofisi ya afya ya jiji la Frankfurt, akamvuta na Justin, na mwaka 1951 von Verschuer akawa profesa wa jenetiki ya binadamu Münster. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali rasmi kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka 1982. Mi naandika hivi nikiwa mtu wa maabara, hii ni historia ya fani yangu, na mtu yeyote anayeshika tyubu ya damu ya Mroma leo anaishika juu ya hayo mafaili.

Ndio maana matokeo ya DNA nayasoma taratibu. Mwaka 2001 timu ya David Gresham na Kalaydjieva ilitoa utafiti wa makundi 14 ya Waroma. Walitumia njia mbili, kromosomu Y inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, na DNA ya mitokondria inayotoka kwa mama kwenda kwa wanawe wote. Upande wa kinababa, ukoo mmoja wenye asili ya India ulikuwemo kwenye makundi yote 14, na ulibeba asilimia 44.8 ya wanaume. Upande wa kinamama, ukoo M wa Asia ulikuwa asilimia 26.5. Na ndani ya hizo koo tofauti zilikuwa chache mno, alama kwamba waliotoka walikuwa wachache na wana udugu. Mwaka 2004 timu hiyohiyo ilifuatilia mabadiliko ya jeni yanayoleta magonjwa, wakakadiria kwamba kundi la mwanzo lilianza vizazi 32 mpaka 40 nyuma. Badiliko moja, la jeni ya CHRNE linalofanya misuli ichoke, kope zidondoke, walilikuta pia India na Pakistan, herufi ileile na kipande cha kromosomu kilekile kinachoizunguka. Mtoto anayeshindwa kufumbua macho vizuri Bulgaria na mwenzake wa Pakistan wana bibi mmoja.

Halafu kompyuta zikaja na nguvu. Mwaka 2012 kikundi cha David Comas wa Barcelona na Manfred Kayser wa Rotterdam kilisoma vinasaba vizima vya makundi 13, wakasema chimbuko ni kaskazini au kaskazini-magharibi mwa India kama miaka 1,500 iliyopita, na kusambaa Ulaya kulianzia Balkani kama miaka 900 iliyopita. Mwaka huohuo watafiti wa India wakiwa na sampuli za Y zaidi ya 10,000 kutoka duniani waliona ndugu wa karibu zaidi wa wanaume wa Kiroma wako kwenye matabaka ya chini na makabila ya kaskazini-magharibi mwa India, wale ambao wenyewe kwao wamebaguliwa mpaka leo. 2013 Priya Moorjani na wenzake wakapima urefu wa vipande vya India na vya Ulaya kwenye kromosomu, maana kila kizazi vinakatikakatika na kuwa vifupi, ukijua urefu unajua muda, na hesabu ikasema kuchanganyika kulitokea kama miaka 850 iliyopita, na mchango wa Ulaya umetoka zaidi upande wa mashariki.

Wengine wanaona miaka 1,500 ya vinasaba inagongana na mwaka 1000 wa lugha. Mi sioni ugomvi mkubwa. Kundi linaweza kuanza kuoana lenyewe kwa lenyewe likiwa bado liko Punjab au Rajasthan, kwa kazi yake au kwa tabaka lake, karne nyingi kabla halijafunga mizigo, na vinasaba vinahesabu tangu pale milango ya ndoa ilipofungwa, siyo tangu siku ya safari. Lugha ndiyo inayoshika tarehe ya safari.

Kuhusu asilimia niombe kitu. Utaona watu wanaandika Waroma ni asilimia 80 Wazungu. Hiyo asilimia 80 imetoka kwenye utafiti uleule wa Moorjani, na maana yake ni asili ya magharibi mwa Eurasia (Ulaya na Mashariki ya Kati) kwa ujumla wake, na sehemu yake waliondoka nayo kutoka India yenyewe, kwa sababu watu wa kaskazini-magharibi mwa India tayari wanayo. Hata hivyo mchango wa Balkani na Ulaya ni mkubwa kweli, hakuna kundi la Waroma lisilokuwa nao. Miaka 850 iliyopita Waingereza walikuwa bado hawajapata Magna Carta, ile hati yao maarufu ya kumwekea mfalme mipaka, na Waosmani walikuwa hawajulikani. Mababu wa Ulaya wa yule rafiki yangu walikuwa wanazikwa ardhi ya Ulaya kabla nchi nyingi zinazomwambia arudi kwao hazijakuwepo.

Na hili linatuhusu watu wa pwani karibu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa mifupa ya watu 80 wa zamani, Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko, Chapurukha Kusimba na David Reich wakiwa kati ya walioongoza. Ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya asili ya wengi wao ni ya Kiafrika, imetoka zaidi kwa kinamama, na upande wa kinababa kuna Uajemi mwingi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Karne ileile ambayo mababu wa Waroma walikuwa wanapita Uajemi kwenda magharibi. Bibi yangu alikuwa anajiita Mshirazi na wapo waliomcheka, na sasa mifupa imesema kuna ukweli ndani yake. Ila hakuna mtu mwenye akili atakayemchukua mzee wa Faza amwambie nauli hii hapa nenda Shiraz. Pwani ndiko alikokuwa mtu wa pwani. Na Balkani ndiko Waroma walikokuwa Waroma, huko India waliondoka na majina mengine.

Mwaka 2021 Veronika Lipphardt, Mihai Surdu na wenzao, Surdu mwenyewe ni mtafiti wa kutoka Romania, walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya kupitia machapisho zaidi ya 450 ya miaka 100 yanayohusu vinasaba vya Waroma. Wamekuta sampuli zilizochukuliwa bila ridhaa inayoeleweka, damu ya zamani inayotumiwa tena na tena kwa mambo ambayo mwenyewe hakuambiwa, data kwenye hifadhi za polisi, na tabia ya kuchagua vijiji vilivyojitenga zaidi halafu kusema hawa ndio Waroma wote, wale wa mjini waliochanganyika wanaachwa nje kwa sababu wanaharibu picha. Hilo la mwisho nimeliona kwa macho, mtu anapanga nani ni Mroma wa kutosha kuingia kwenye utafiti, na hapo Ritter hayuko mbali.

Rafiki yangu nilimuuliza kama angekubali kutoa mate yake kwa utafiti. Alisema anataka kujua kuhusu jeni ya Lom na ile ya CHRNE kwa sababu anataka kuzaa, na hajali mtu yeyote akimwambia ametokea Punjab au ametokea mwezini. Nafikiri ana haki ya vyote viwili, kujua na kutojali. Kwa upande wetu wa maabara naona hakuna cha kujadili sana. Ridhaa iombwe kwa Kiromani pale wanapoongea Kiromani na kwa Kihungari pale wanapoongea Kihungari, isomwe kwa sauti, iseme wazi kama polisi wataigusa data au la, mtu aweze kuitoa sampuli yake siku akibadili mawazo, wawepo watafiti Waroma tangu kwenye kupanga maswali, na familia za Lom zipewe matokeo na vipimo vya kliniki kabla jarida halijapata makala.